Mashine Iliyolala

Herufi zilifanana. Sajenti Jafar alizisoma kwa sauti kutoka kwenye kompyuta yake, polepole, kama mtu anayetangaza majina ya waliofaulu mtihani, na Reine Masika, mtengenezaji wa programu, akawa anazifuatisha kwa kidole kwenye kompyuta yake upande wa pili wa meza.

"Tena," alisema Inspekta Anena.

Wakasoma tena. Zikafanana tena.

Anena aliuegemea ukuta. Jana alishinda humo chumbani kutwa nzima, na leo alirudi kabla wauza chapati wa Kyambogo hawajakoleza mkaa, kungoja kompyuta mbili zimalize kazi ambayo yeye hakuiona ikifanyika. Macho yalimwasha. Goti la kushoto lilikuwa limeanza kuvimba tangu ngazi za juzi.

"Sasa isomeni ile iliyoko mikononi mwa watu."

Jafar alifungua faili la tatu. Tangu herufi ya kwanza zilikuwa tofauti. Hakukuwa na haja ya kuendelea.

Herufi zile zilikuwa alama ya kidole ya programu, ambayo Reine na Jafar walikuwa wameijenga kila mmoja kwake, na ile ya watu haikufanana na zao. Hivyo ndivyo jambo moja lilivyothibitika baada ya siku zote zile. Tuonane ilikuwa programu huria: msimbo wake, yale maandishi yanayoiendesha, uko wazi kwenye intaneti, yeyote anaweza kuusoma, kuurekebisha, kuuchukua bure. Watu waliopotezana vitani waliitumia kutafutana, na sifa yake kubwa ni kwamba haikumwonyesha mtu yeyote mahali mwenzake alipo mpaka wote wawili wakubali. Toleo jipya lilipotoka, simu zilianza kutuma habari za mahali zilipo, kimyakimya, kwenda nchi za mbali ambako Jafar hakuweza kuzifuata. Msimbo uliokuwa wazi haukuwa na neno lolote la kufanya hivyo. Na Jumapili, Jean-Claude Kambale, aliyewahi kutoa ushahidi dhidi ya kamanda mmoja wa waasi huko Kongo na ambaye alikuwa amejificha Kawempe akiuza vitenge, alitoka mazoezi ya kwaya na hakufika nyumbani.

"Kwa hiyo yule Kasuku hana kosa," Anena alisema.

Kasuku lilikuwa jina la mtandaoni la mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona, aliyechangia mistari michache siku za mwisho kabla ya toleo. Jana walimwandama yeye tu.

"Hana," Reine alijibu. "Mistari yake imo humu kwangu na imo kwa sajenti, na hizi nakala zetu ni safi. Alirekebisha tarehe tu. Niliisoma mwenyewe, afande, nilikwambia."

"Uliniambia. Ilibidi nione."

Sadik Marajan, msimamizi wa matoleo, alikuwa ameketi karibu na mlango na kikombe cha chai kilichopoa. Alikuwa mtu mrefu, mpole wa maneno, kofia yake nyeupe imenyooka kila siku. Yeye ndiye aliyekuwa akipanga nini kiingie kwenye toleo, nini kingoje lijalo, na mwishoni alilitia muhuri ili watu wajue ni lao kweli.

"Kama msimbo ni safi na toleo si safi," alisema, "basi uchafu umeingia katikati. Kwenye ujenzi, msimbo unapogeuzwa kuwa programu ya simu."

"Katikati kuna nini?"

"Mashine ya ujenzi." Alionyesha chini ya dirisha, pale palipobaki alama ya vumbi, kompyuta yenyewe Jafar alikwisha kuichukua. "Toleo la watu wote tunalijengea pale tu. Haifanyi kazi nyingine. Na haiguswi na mtu ila Heritier, kijana wetu wa ujenzi. Inaniuma kusema, afande."

"Nimeikagua mashine hiyo siku mbili," Jafar alisema. "Sijaona kitu."

"Heritier anaijua kuliko sisi. Anaweza kufuta."

Anena alimtazama Sadik kitambo, kisha akachukua mkoba wake. Heritier tayari alikuwa mahabusu. Mkuu wa Anena alikuwa ameamua hivyo siku ya kwanza, alipopata habari kwamba mjomba wa kijana huyo aliwahi kubeba bunduki ya waasi.

*

Kwenye benchi la kituo alikuwapo Séraphine, mke wa Jean-Claude, kama jana na juzi, kitenge chake kimefungwa kifuani, mikono mapajani. Alisimama alipomwona Anena.

"Afande, kuko habari?"

"Bado, mama."

"Sawa," Séraphine alisema, akakaa.

Anena alitamani angelia au angepiga kelele. Ile "sawa" ilimchosha kuliko ngazi.

Heritier aliletwa akiburuta viatu visivyo na kamba. Alikaa bila kuambiwa.

"Leo tena ni mjomba?" aliuliza.

"Leo si mjomba. Nataka kujua kuhusu mashine."

Kijana alimtazama kama mtu aliyesalimiwa kwa jina lake baada ya muda mrefu. "Mashini iko na nini?"

"Siku ya toleo, uliiwasha saa ngapi?"

"Mimi? Sikuiwasha."

Anena alikuwa amefungua kalamu. Aliifunga. "Sema vizuri."

"Sikuiwasha, afande. Nilifika asubuhi, kuran hakuna. Umeme ulikuwa umeenda nyumba yote. Na ile betri ya akiba ilikufa tangu zamani, nilimwambia Sadik tununue ingine. Nikangoja, nikangoja, nikarudi nyumbani."

"Lakini toleo lilitoka siku ile ile."

"Ndiyo. Mchana niliona kwenye simu, limetoka. Nikawaza, pengine umeme umerudi, Sadik amewasha mwenyewe. Yeye ni mkubwa wetu, siwezi kumuuliza."

"Mashine ile ikianza kujenga, inachukua muda gani?"

Heritier alicheka kidogo, kicheko kikavu. "Ile mzee? Ukianza asubuhi, jua linaingia ndiyo inamaliza. Ukiigusa katikati, unaanza upya."

Nje ya mlango polisi mmoja alikuwa akimtania mwenzake kuhusu mpira.

"Siku zote hizi," alisema mwishowe, "kwa nini hukusema hivi?"

"Nani aliniuliza?" Heritier hakupandisha sauti. "Waliniuliza mjomba anaishi wapi. Mjomba anakula kwa nani. Mjomba yangu mimi sijamwona tangu niko mtoto mdogo. Kuhusu kazi yangu, mtu wa kwanza ni wewe."

Anena aliagiza aletewe chai na chapati, na kamba za viatu vyake. Polisi wa zamu alisema kamba haziruhusiwi. Anena akamwambia alete chai, basi.

*

Chini ya ofisi ya Tuonane palikuwa na duka la fotokopi la Nabila, binti wa Kinubi wa Bombo, aliyezungumza huku akipanga karatasi bila kuzitazama.

"Siku ile nitaisahauje, afande? Wanafunzi walikuwa wanapeleka kazi zao za mwisho. Mstari umefika barabarani! Umeme ukaenda hata sijafungua mlango vizuri, ukarudi magharibi. Wote wakanikimbia."

"Haukurudi katikati? Hata kidogo?"

"Hata wa kuchajia simu. Nilikaa hapa najipepea na karatasi zangu mwenyewe."

"Na wale wa juu?"

"Walikuwa kama mimi. Sadik alishuka na laptopu yake kwapani, jasho linamtoka, akaniuliza kama ninamjua mtu mwenye jenereta. Nikamwelekeza kwa kinyozi pale ng'ambo." Mikono yake iliacha kupanga. "Kwani nimesema vibaya?"

"Hapana, nnyabo. Umesema vizuri."

Kinyozi alikumbuka pia. Mteja mrefu, mwenye kofia, alikaa kwenye kiti cha mwisho laptopu mapajani, hakutaka kunyolewa, na aliondoka baada ya swala ya adhuhuri akiwa na furaha kama mtu aliyepata mtoto.

*

Anena aliporudi ofisini aliwakuta Sadik na Reine peke yao. Jafar alifuata nyuma, akafunga mlango.

"Sadik, siku ya toleo mashine iliwashwa saa ngapi?" Anena aliuliza.

"Asubuhi, kama kawaida yetu."

"Na nani?"

"Na Heritier. Ndiye mwenye mashine."

"Heritier alikuta hakuna umeme, akarudi kwake. Nabila chini hakuwa na umeme mpaka magharibi. Mashine yenu inataka kutwa nzima kumaliza. Toleo lilitoka adhuhuri." Anena alivuta kiti, akakaa mbele yake, goti likalia. "Ile mashine siku ile ililala, Sadik. Sasa niambie toleo lilitoka wapi."

Reine aliinuka taratibu kutoka kwenye kompyuta yake.

"Ulilijengea kwako?" aliuliza. "Kwenye laptopu yako?"

"Reine..."

"Kanuni uliiandika wewe mwenyewe! Uliibandika pale ukutani!"

Sadik alivua kofia, akaiweka juu ya meza. Bila kofia alionekana mzee.

"Tulikuwa tumeahirisha mara mbili," alisema. "Tarehe ilishatangazwa. Wakufunzi wanaofundisha wakimbizi programu yetu wametoka kambini, wengine wamesafiri na watoto mgongoni, wamekaa ukumbini wananingoja mimi. Ningewaambia nini? Rudini, Sadik hana umeme? Nikajiambia, msimbo ni ule ule. Kompyuta ni kompyuta. Nikaujenga, nikatia muhuri, nikautoa. Wallahi, afande, sikuongeza hata nukta."

"Hilo naweza kuliamini. Ninalouliza ni kwa nini ulituacha tumfunge Heritier."

Sadik aliitazama kofia yake. "Nilidhani mtaona hana kosa, mumwachie. Kila nilipolala nilisema kesho nitawaambia. Na kila asubuhi ilikuwa ngumu zaidi."

"Jean-Claude naye analala wapi, ulijiuliza?"

Jafar alinyoosha mkono, na Sadik akaitoa laptopu mkobani mwake, akampa bila kuinua macho.

"Nani mwingine ameigusa?" Anena aliuliza.

"Hakuna."

"Fikiri vizuri. Wewe umesema hukuongeza hata nukta. Basi kuna aliyeongeza."

Barabarani fundi alikuwa akigonga bati, akiacha, akigonga tena.

"Kabla ya toleo ilikuwa nzito," Sadik alisema. "Inakwama. Shemeji yangu Faruk akaniambia ana fundi wake mzuri. Aliichukua, akairudisha kama mpya. Kila kitu kimewekwa upya."

"Faruk anajua kazi yako?"

"Siku ya Idi tulikula kwake. Aliniuliza mengi: matoleo tunayapangaje, tunayajengea wapi. Nikamwambia ya majaribio nayajengea kwangu, na mashine ile kubwa inazeeka, siku moja itatuangusha. Nilifurahi. Nyumbani hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kuhusu kazi yangu, afande. Wanaona ninacheza na kompyuta."

"Faruk anafanya kazi gani?"

"Malori. Anapeleka mizigo mpakani, Bunagana, Mpondwe. Ana gereji Kawempe."

Jafar hakuhitaji siku mbili mara hii. Kabla chai ya pili haijaletwa alikuwa amepata alichokitafuta, akamwita Anena na kumwonyesha, ingawa kwa Anena ilikuwa mistari tu. "Vyombo vyenyewe vya kujengea vimechezewa," alieleza. "Hata ukiweka msimbo safi humu, kinachotoka kinakuwa na kile kitu ndani. Yeye asingeweza kuona. Hata mimi nisingeona kama tusingekuwa na zile mbili za kulinganisha."

*

Mkuu wa Anena alisikiliza kwenye simu bila kumkatiza, jambo lisilo la kawaida.

"Kazi nzuri," alisema. "Sasa msiguse kitu. Gereji iwekewe watu waiangalie. Na hao wenye programu wasitoe toleo jipya wala tangazo. Wakitoa, Faruk atajua tumemgundua. Nawataka wanaomlipa. Watakuja kumchukua Jean-Claude, leo au kesho, tuwakamate wote."

"Na wengine wenye hii programu kwenye simu zao?"

"Kesho, Anena."

Alirudi ndani. Reine alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono kiunoni. Alikuwa amesikia ya kutosha.

"Afande, kuna watu waliomkimbia yule yule kamanda. Kuna wanawake waliokimbia waume zao. Wote wanaonekana sasa hivi, tukiongea."

"Ni wangapi?"

"Hatujui. Tuliitengeneza isijue. Hatuna majina wala namba zao. Njia pekee ya kuwafikia ni toleo jipya: simu ikiliona inamwambia mwenyewe achukue."

"Mnaweza kulitoa leo?"

"Hizi zetu mbili tulizolinganisha ni safi. Nabadilisha namba ya toleo, naijenga hapa na sajenti anajenga kwake, tunalinganisha tena. Jioni haijafika liko tayari." Alimgeukia Sadik, kisha akageuka tena upesi. "Lakini muhuri ni mmoja, na neno la siri analo yeye. Tangu mwaka jana tulipanga uwe wa watu wawili. Kila toleo tulisema lijalo."

Anena alimtazama Sadik. "Huo muhuri ulikuwa kwenye hiyo laptopu?"

"Uko kwenye flashi. Lakini niliichomeka humo siku ile."

"Basi huenda wameshaunakili. Tutautumia mara hii ya mwisho," Reine alisema, "halafu tutangaze kwamba umekufa."

Anena alikaa. Alifikiria kesho ya mkuu wake, akafikiria "sawa" ya Séraphine. Kisha akampigia simu ofisa wa Kawempe aliyemfahamu tangu chuo cha polisi, mtu asiyeuliza maswali mawili.

"Geti la gereji tutalifungua jioni hii," alimwambia. "Ukiwa umeshika kitasa, nipigie."

Jafar alimtazama. "Afande, mkuu amesema kesho."

"Nimemsikia. Nitajibu mwenyewe."

Zilipolingana herufi kwa mara nyingine, jua lilikuwa limeshuka hadi kwenye mabati ya nyumba za jirani. Sadik alikuwa tayari ametiwa pingu. Jafar alimfungua mkono wa kulia, akamsogeza mbele ya kompyuta ya Reine. Sadik alichomeka flashi. Reine alisimama nyuma yake akiangalia kila kidole.

Simu ya Anena ililia. "Tupo getini," ilisema sauti.

"Ingieni," alisema Anena, na kwa Sadik akasema, "Tia."

Sadik aliandika neno la siri. Alikosea mara ya kwanza. Mara ya pili muhuri ulikubali, Reine akalitoa toleo, na katika chumba kile hakukubadilika chochote isipokuwa mstari mmoja kwenye kioo cha kompyuta.

*

Jean-Claude walimkuta stoo, nyuma ya matairi, amefungwa kwa waya, mbavu mbili zimevunjika, hai. Faruk alikamatwa akihangaika kuwasha gari. Wale waliokuwa waje kumchukua mateka hawakutokea, usiku ule wala siku iliyofuata, na mkuu alimwambia Anena mbele ya watu kwamba amewatupa samaki wakubwa majini. Anena hakubishana. Heritier aliachiwa siku hiyo iliyofuata, akaenda zake bila kuaga mtu.

Alasiri Anena alimpeleka Reine hospitali, kwa kuwa Reine mwenyewe aliomba. Jean-Claude alikuwa amelala, uso umevimba, mkono nje ya shuka. Séraphine alikuwa kando yake na bakuli la uji.

"Mama, samahani," Reine alisema. "Ni sisi tuliotengeneza ile programu."

Séraphine alimtazama bila hasira. Alitoa simu yake kwenye pindo la kitenge, akamnyooshea. "Niondolee."

"Mama, toleo la jana ni safi. Nimelijenga kwa mikono yangu, afande ameona."

"Ninaamini."

"Hutaki kulibakiza? Una mtu unayemtafuta?"

"Nilishamupata. Mudogo wangu wa kike, iko Bukavu. Nilimupata humu, mwaka jana." Séraphine aliigeuza simu mkononi. "Simu yake iliibiwa, anaazima za watu, kwa hiyo tunaongeaka humu tu."

"Basi ukiiondoa..."

"Ninajua."

Reine alimgeukia Anena kama mtu anayeomba msaada. Anena alisogeza kiti kwa mguu, akakaa, akalinyoosha goti.

Reine aliichukua simu. Alibonyeza, akasubiri, akabonyeza. Programu ikauliza kama mwenyewe ana hakika. Hapo Reine alisita, akamgeuzia Séraphine kioo cha simu ili ajibu yeye.

Séraphine alisoma taratibu, midomo ikitikisika. Akabonyeza ndiyo. Kisha akaiweka simu kitandani, akachukua kijiko, akamwinua mumewe kichwa kwa kiganja na kuanza kumnywesha uji.